Nipe Mji

Maradhi yalipoingia, mji ukafungwa, na Bi Shemsa akafungiwa chumbani na homa yake. Siku ya tisa shoga yake, Bi Hidaya, akasimama uani kumwita.

"Kitendawili!"

Akaita tena.

"Tega," ikajibu sauti nyembamba.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Kimenishinda."

Bi Hidaya akautazama mlango wa chumba. Hilo ni yai, hata mtoto anyonyaye angekitegua.

"Haya, nipe mji."

"Chukua huu wetu."

"Huo umefungwa, mwenzangu. Nitaufanyia nini?"

Ndani kicheko kikachanganyika na kikohozi.

"Basi njoo kesho. Nitakuwa nimekutafutia mwingine."

Kitanda kikalia. Kwenye mwanga chini ya mlango, vikatokea vivuli vya miguu miwili.