Atomu ya Tatu

Atomu ya tatu haikuonekana. Mtafiti aliipiga picha upya mara ya sita, akaisukuma miwani ya kinga hadi utosini, akakikodolea macho kioo cha kompyuta kana kwamba kimemtukana. Mtungi wa gesi uliandikwa kabonidayoksaidi, yaani atomu tatu zilizojipanga mstari mmoja. Kioo kilionyesha mbili.

Mashine hiyo aliijenga kwa miaka minne. Leza yake kali iliing'oa elektroni kutoka kwenye molekuli, ikaigeuza njiani, ikairudisha kwa kishindo kulekule ilikotoka. Na kwa jinsi elektroni ilivyotawanyika baada ya kugonga, umbo la molekuli lilijulikana. Saa nne Profesa angekuja kuamua kama kazi hiyo yastahili shahada au yastahili stoo. Wanafunzi walimwita Nukta, kwa kuwa aliwahi kurudisha tasnifu nzima iliyokosa nukta moja.

"Dada yangu, usijichimbie kaburi," fundi wa maabara alinong'ona. "Mchoro wa mwezi uliopita unazo zote tatu. Weka huo, tukanywe chai."

"Nimepima leo, kaka."

"Leo, juzi, gesi si ileile? Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi wewe usimwambie mtu!"

Mtafiti alicheka. Akakagua vioo vya leza kimoja kimoja, akapima tena. Mbili. Akaandika mbili.

Nukta aliingia saa nne kamili. Aliitikia shikamoo huku macho yakiwa tayari kwenye karatasi.

"Mbili?"

"Mbili, Profesa."

"Kila kitabu kinasema tatu. Ama vitabu vimetudanganya sote, ama mashine yako ni kipofu."

"Mashine yangu naijua, Profesa. Siwezi kuisemea isichokiona."

"Hata kama shahada itakuponyoka?"

"Hata hivyo."

"Tia saini."

Akatia, kwa herufi kubwa kuliko kawaida yake.

Nukta aliikunja karatasi taratibu, akamgeukia fundi. "Haya, urudishie mtungi lebo yake. Nitrojeni: atomu mbili, wala hakuna ya tatu."

Fundi akaichomoa lebo mfukoni mwa koti, uso wote meno. "Na mimi je, Profesa? Nimemshawishi vya kutosha?"