Kidonge Kisicho Kichungu

Mama yake Tunu hakuweza kumeza vidonge; alivitafuna kama karanga. Saratani ilikuwa imeshamwingia mifupani, na dawa iliyokuwa ikijaribiwa hospitalini kwa wagonjwa kama yeye aliibuni Tunu mwenyewe, maabarani. Kwa bahati nasibu, nusu ya wagonjwa walipewa dawa hiyo, nusu vidonge vya unga mtupu, na hakuna aliyeambiwa kapata kipi.

"Hongera, mwanangu," mama alisema huku akitafuna. "Dawa yako wala si chungu."

Tunu alimkazia macho. Uchungu wa dawa ile ulikuwa umemshinda kuuondoa. Uchungu wa chembe moja tu ulikaa ulimini kutwa nzima.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Nimefurahi tu, mama."

Mama akalamba unga uliobaki kiganjani, taratibu, asipoteze hata punje.