Taa ya Mlangoni

Kisiwani kila nyumba ilikuwa na taa mlangoni iliyopima mchango wake katika utalii wa nchi. Ikiwaka nyekundu miezi minne mfululizo, wenye nyumba walihamishwa, na habari zao hazikusikika tena.

Taa ya kina Raya iligeuka nyekundu tangu mamake, Bi Zuwena, afiwe na mume na kukaa eda ndani.

"Mama, toka ukae barazani japo saa moja watalii wakuone," Raya alimsihi, roho mkononi.

"Eda haina likizo, mwanangu."

Siku tano kabla ya miezi minne ya taa kutimia, Raya akakuta taa ni ya kijani. Dirishani kwa mamake walisongamana watalii, wakimtazama anavyolia, kimya kama watu walio msikitini.

Alasiri ile ofisa wa vipimo akabisha hodi.

"Hongereni. Mtaa mzima hakuna nyumba iliyochangia kama hii. Eda ya mama inakwisha lini?"

"Zimebaki wiki mbili," Raya akajibu.

Ofisa akaandika. Kisha akachungulia uani, ambako mume wa Raya alikuwa akipasua kuni.

"Na shemeji yangu yule," akauliza kwa upole, "afya yake ikoje?"