Sindano ya Nne

Mwalimu wa wodi alimpokonya mwanafunzi wa uuguzi sindano mbele ya wenzake. "Wewe mwenye mkono mmoja utaandika tu. Mgonjwa si wa kujaribia."

Mwanafunzi akamtazama bibi aliyelala kitandani. Wenye mikono miwili walikuwa wameshamtoboa mara tatu bila kuupata mshipa.

"Mjukuu wangu," bibi alisema, "hawa wamenichoma kama wanashona gunia. Njoo wewe."

Mwanafunzi akavuta trei, akachukua sindano mpya. Kwa kigutu chake cha kushoto akaivuta ngozi ya bibi mpaka ikakaza.

"Weka chini!" mwalimu alifoka.

"Nitaweka nikimaliza, mwalimu."

Sindano ikaingia. Damu ikapanda taratibu ndani ya mrija.

"Plasta," alisema bila kugeuka, na mwalimu akampa.