Risasi ya Usagara

Muuza silaha aliweka mezani vifaa viwili vya kupima kasi ya risasi, na mzee Machibya akauliza kipi hakidanganyi.

"Achana na hiki, mzee wangu. Kinategemea mwanga. Wale wadudu wa ziwani wakipita tu, kinadhani ni risasi. Chukua hiki cha rada."

Machibya alikipokea kwa mikono miwili. Alitoka Usagara asubuhi ile, na njia nzima aliomba risasi iwe kitu kizito na kivivu, kitu kinachokawia njiani.

"Kuna risasi ya wezi wa ng'ombe," alisema. "Walikuwa mbali kama kutoka hapa mpaka ng'ambo ya barabara. Inaweza kuwa imeshatoka, iko njiani, wakati mtu anaitwa, anasimama, anaitika 'Abee'?"

Muuzaji alicheka. "Kwa umbali huo? Hujapepesa hata jicho, imeshafika! Kama ilimkuta amesimama, basi waliifyatua ameshasimama. Hapo huhitaji hata kipimo."

Kidole gumba cha Machibya kilikuwa kikisugua kioo cha kile kifaa, polepole, kikifuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Wezi walipoanza kufyatua, binti yangu alijificha nyuma ya jiwe kubwa," alisema. "Mimi sikumwona. Nikamwita."

Muuzaji akaacha kucheka.

"Nilimfundisha mwenyewe, tangu mdogo," Machibya alisema, akikirudisha kifaa mezani. "Mkubwa akikuita, usiitike umekaa."