Matangani Haalikwi Mtu

"Umealikwa?" mlinzi wa jengo alimuuliza Bi Shemsa.

Bi Shemsa alimtazama kana kwamba ametukaniwa mama yake.

"Baba, matangani anaalikwa nani?"

"Ndiyo utaratibu wetu, bibi. Bonyeza kengele ya nyumba ya mfiwa. Akikubali, unapanda."

Ghorofa hilo lilisimama palipokuwa na nyumba ya shoga yake Somoe, nyumba ambayo mlango wake haukufungwa mchana. Sasa Somoe aliishi juu kabisa, na huko juu mumewe alikuwa amefariki jana. Chini hapakuwa na turubai, mkeka wala sufuria jikoni. Huu ndio mtaa uliokuwa ukilia msiba wa mmoja hadi sauti zikakauka.

"Mfiwa habonyezwi," Bi Shemsa alisema. "Huitwa."

"Hawezi kukusikia kule."

"Basi wewe ziba masikio."

Alijitanda kanga yake vizuri, akarudi nyuma hadi katikati ya barabara, akainua uso. Magari yakapiga honi. Hakuyageukia.

"Hodi, Somoe. Ni mimi Shemsa. Tumekuja kulia nawe."

Alikuwa peke yake, lakini mfiwa haambiwi "nimekuja."

Madirisha yakafunguka, moja, mawili, kisha mengi. Nyuso asizozijua zikamchungulia, nyingine zikicheka. Akavuta pumzi, akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, kidevu juu.

Kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, mwanamke mmoja aliacha kucheka. Akachukua kanga, akajifunika kichwa, akaondoka dirishani kushuka chini.