"Sisi" ya Nyani

Zamani za mababu wa punda, nyani walivuka mto wakaanzisha makazi mapya, lakini mfalme wao aliyebaki ng'ambo aliendelea kuwadai matunda kila mavuno. Aliyeyabeba ni Punda. Hatimaye kiongozi wao akapanda juu ya jiwe akasema, "Ndugu zangu, sisi si watumwa wa mtu."

Punda aliposikia "sisi", machozi yalimlengalenga. Vita vilipoanza akamtoa mwanawe wa pekee, naye akafia kivukoni akiwabebea nyani mawe ya kurusha.

Mfalme akashindwa. Nyani wakiwa katikati ya ngoma, Punda akamwendea kiongozi, mzigo ungali mgongoni.

"Bwana, sasa nitue?"

"Utue uende wapi? Matunda yote ni yetu sasa. Mzigo utaongezeka."

"Lakini ulisema sisi si watumwa."

Kiongozi akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Ndiyo. Sisi."

Punda akashika njia, akapita kivukoni bila kutazama majini. Ndiyo maana hadi leo, ukisema "sisi" mbele ya punda, yeye hulaza masikio na kungoja asikie kwanza ni akina nani.